Shahidi wa Kifafa Changu

Sijawahi kukiona kifafa changu. Nimeishi nacho tangu kabla sijang'oka meno ya utoto, kimeniachia kovu la moto mguuni na alama mbili ulimini, lakini kukiona kwa macho, bado. Kila nikijaribu kukumbuka nakuta pengo. Nilikuwa nimeshika kata ya maji. Sasa kata iko chini, maji yamemwagika, na watu wananitazama. Yote ninayojua juu ya kuanguka kwangu nimeambiwa na wengine, na hao wengine walikuwa na sababu zao za kusema au kunyamaza.

Wa kwanza kuniambia alikuwa mama. Alikamua mawese kwetu Muhuta na kuyapeleka Rumonge kwa mtumbwi. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kifafa changu alikuwa amekipanga vizuri kuliko vyungu vyake. Kulikuwa na kuondoka, na kulikuwa na kuanguka. Kuondoka ni pale ninapokaa macho wazi lakini sisikii, mdomo unatafuna bila kitu, vidole vinachuma nguo, kisha narudi na kuuliza swali moja mara mbili. Kuanguka ni kule kunakojulikana na kila mtu, kwa mlio, povu na kutetemeka. Kuondoka kulikuja mara kadhaa kwa mwezi. Kuanguka, labda mara mbili kwa mwaka. Kote kulitanguliwa na harufu ya mawese yanayoungua, ambayo niliisikia mimi peke yangu. Katika nyumba ya mkamuaji mawese hiyo ni dalili ya ovyo kabisa, maana mawese yaliungua kweli karibu kila wiki.

Mama alinifundisha la kufanya. Nikisikia harufu hiyo niache kila kitu, nikae chini, nipakate ungo wa maharage. Vidole vikianza kuchuma, mgeni ataona msichana anachambua maharage. Nilisifiwa kijiji kizima kwa bidii. Hakuna msichana aliyechambua maharage kama mimi, na maharage mengine, niseme ukweli, nilikuwa nimeyachambua mara nne.

Sitaki mtu amcheke mama kwa hilo. Huko Gatete alikuwako mwanamke aliyeangukia jikoni kwake mbele ya jamaa zake, na jamaa wakasimama wakamtazama anavyoungua mpaka alipotulia, ndipo wakamvuta. Hawakuwa watu wabaya. Waliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba ukimgusa mtu wa kifafa wakati anatetemeka, mate yake yakakupata, basi nawe umekipata. Warundi wa milimani wanakiita intandara, sisi wa mwambao tunakiita kifafa, lakini mambo yalikuwa yaleyale: mwenye nacho ana bakuli lake, ana kata yake, ana mkeka wake, na wadogo zake wa kike wanazeekea kwa mama yao. Mkono wa mwanamke yule ulikuwa umekunjamana mpaka kwenye kiwiko. Alikula peke yake nyuma ya nyumba. Nilipokuwa mdogo mama alinipitisha hapo, akanishika kichwa, akakigeuza ili nimtazame vizuri.

Niliolewa na siri hiyo. Bwana wangu alikuwa fundi wa mashua hapo Rumonge, mtoto wa mtu aliyehamia kutoka Ujiji. Mrefu, mchache wa maneno, siku nzima anaziba nyufa za mashua za watu kwa kalafati ya pamba na jioni anarudi na pamba kwenye nywele. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha majirani: hakukubali kula bila mimi. Waume wengine wa mtaa walikula barazani na wanaume wenzao. Yeye alingoja nikae, sinia liwe katikati yetu, na tonge la kwanza alinipa mimi kwa mkono wake. Wanawake walisema nimemroga. Mimi kila nilipopokea tonge lile nilifurahi na kuogopa kwa pamoja, kwa sababu nilijua siku atakayojua, tonge hilo ndilo litakuwa la mwisho. Nilimpenda mno yule mtu. Ningeweza kuvumilia kuachwa. Kulishwa peke yangu nyuma ya nyumba yake nisingeweza.

Wakati huo Wadachi, yaani Wajerumani waliokuwa wanatutawala, walikuwa wanahangaika na malale. Watu wa mwambao walikuwa wanashikwa na homa, shingo zinavimba, kisha wanasinzia mchana wakiwa na tonge mdomoni, wanakonda, wanakufa. Daktari wao alisema ugonjwa unaletwa na mbung'o, kwa hiyo vichaka vya ufukweni vikafyekwa, na kila jumbe akaamriwa kuwapanga watu wake ili wapapaswe shingo. Mwenye tezi zilizovimba alitengwa. Wengine walikimbilia milimani. Mimi sikukimbia, maana sikuwa na malale. Nilikuwa na jino bovu la nyuma, limeniuma wiki mbili, na shavu na shingo vilikuwa vimevimba kwa ajili yake.

Tulipangwa asubuhi katika uwanja wa soko, wanawake huku, wanaume kule. Mama alikuwa Rumonge siku hiyo na mawese yake, akapangwa naye. Daktari alikuwa mtu mwembamba mwenye masharubu ya rangi ya mahindi na vidole baridi. Kando yake alisimama mkalimani, mtu wa Mrima, huko pwani ya bahari, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka kikachosha. Vidole vilipofika shingoni mwangu vikasimama. Nikaambiwa nikae pembeni, juani. Nikakaa. Baada ya muda nikasikia mawese yanaungua, nikatafuta kitu cha kupakata, na hapakuwa na kitu.

Yaliyofuata niliambiwa. Nilianguka kule kwa mlio na povu, watu wakarudi nyuma wakaacha duara kubwa, na yule Mdachi akaingia katikati ya duara, akapiga magoti, akanilaza ubavu na kutazama saa yake. Nilipotulia aliinuka, akauliza kupitia kwa mkalimani, soko zima lisikie:

"Nani anamjua mwanamke huyu? Amewahi kuanguka kabla ya leo?"

Mama akajibu. "Hapana, bwana. Huyu mutoto hajaanguka hata siku moja. Mimi ndiye nilimuzaa, mimi najua."

"Hata utotoni?"

"Hata utotoni. Iko muzima kabisa."

Daktari akamgeukia bwana wangu, aliyekuwa amekuja mbio kutoka upande wa wanaume. Bwana wangu akatazama chini, hakusema neno.

Kwa jibu lile moja mambo yangu yalikwisha. Mtu mzima mwenye tezi shingoni, ambaye hajawahi kuanguka tangu azaliwe, akianguka leo, basi malale yamefika kichwani. Ndivyo alivyofikiri yule daktari, na kwa maneno aliyopewa hakukosea. Alinichoma tezi kwa sindano, akatoa maji yake, akayatazama chini ya kioo chake cha kukuzia. Hakuona kidudu hata kimoja. Akasema vidudu hujificha. Nilipozinduka vizuri, kibati chenye namba kilikuwa kimeshaning'inizwa shingoni mwangu.

Kambi ilikuwa kusini mwa mji, mahali palipofyekwa mpaka hapakubaki hata kichaka cha kujisitiri. Uzio wa miti, lango moja, askari wawili. Kivuli tulikipata ndani ya vibanda tu. Ziwa tuliliona, tulisikia wavuvi wa ndagala wakiitana, lakini kulifikia kulikatazwa kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo tulioga maji ya kuletwa, kata mbili kwa mtu. Nilizaliwa nikisikia maji yale, na sasa nayatazama kwa mbali kama mgeni. Wiki ya kwanza nilizunguka uzio wote kwa miguu mara nyingi, nikijua kila mti uliopinda na kila kamba iliyolegea. Si kwamba ningetoroka. Waliotoroka jumbe wao alikamatwa, na jumbe wetu alikuwa mzee wa watu.

Sindano ilikuja kwa zamu, kila baada ya siku kadhaa. Tumbo lilikata, mdomo ukawa mchungu. Nisiwe mwongo, wengine walipata nafuu kweli. Alikuwako mwanamume aliyeletwa amebebwa kwenye machela, na baada ya miezi miwili nilimwona anagombania maji kwenye foleni, anatukana vizuri kabisa. Dawa ilikuwa ya ugonjwa wao. Haikuwa ya wangu.

Bwana wangu alikuja kila alasiri. Palikuwa na mwanya kwenye uzio, nyuma ya kibanda chetu, wa kupitisha bakuli. Alikaa chini upande wake, mimi upande wangu. Alikula matonge mawili matatu, akalisukuma kwangu, nikala, nikalirudisha. Askari walimzoea, wakawa wanamtania kwamba amekuja kuposa upya. Kwa hiyo hata kambini tulikula chombo kimoja, na hilo ndilo lililonifunga mdomo kuliko uzio. Kila siku nilikuwa na muda wa kumwambia, na kila siku nilikula nikanyamaza.

Mkeka wa jirani yangu ulikuwa wa mwanamke wa makamo kutoka Kabonga, mkaushaji ndagala, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Alikuwa anaanguka naye. Daktari alikuwa ameagiza tuangaliane: mtu akianguka, aliye karibu asikimbie, bali atazame na kumwambia msaidizi wa sindano. Alianza upande gani? Macho yalielekea wapi? Alilia kabla? Alijikojolea? Alipozinduka alijua jina lake? Siku moja mkalimani alitukusanya akatueleza sababu.

"Kuanguka kunafanana," alisema, "lakini chanzo si kimoja. Kuna kuanguka kwa malale, kuna kwa homa kali, kuna kwa pombe, kuna kwa kifafa. Kila kimoja kina dawa yake. Kwa hiyo bwana daktari anasema: semeni mlichokiona, msiseme mnachodhani."

Nilitamani kucheka na kulia. Alikuwa ananieleza kosa lililonileta pale, mbele ya watu wote, na hajui kwamba anaongea na mimi.

Kwa jirani yangu yule ndipo niliposhika kwa mara ya kwanza mtu anayetetemeka. Wengine walirudi nyuma. Mimi nilimgeuza ubavu kama nilivyoambiwa kwamba daktari alinigeuza, nikampangusa povu kwa upande wa kanga yangu. Ningeogopa nini? Kama kinaambukiza, mimi nilikuwa nacho tayari. Nilimtazama kwa hamu, ninakiri, kwa sababu nilikuwa natafuta sura yangu mwenyewe. Alipozinduka aliniuliza: "Umenishika?" Nikasema ndiyo. Akashika mkono wangu akakaa nao muda mrefu, na kuanzia siku hiyo akaniita mdogo wake.

Mwezi wa pili aliuliza kwa nini leo ukungu hauondoki ziwani. Ilikuwa saa sita mchana na jua linawaka. Nikamwambia labda kuna moshi. Baada ya wiki mbili alikuwa anapapasa mkeka kutafuta kata yake. Kabla yake walikuwa wanaume wawili, na kambini wote walijua, ingawa walisema kwa sauti ya chini: sindano inakula macho. Si ya wote. Hakuna aliyejua inachagua vipi.

Hapo nikaenda kwa mkalimani. Nikamwambia sina malale.

"Bibi, yule pale hana malale. Na yule. Hapa hakuna mwenye malale hata mmoja, ukiwasikiliza."

"Nina kifafa," nikasema. "Tangu utotoni."

Ndiyo mara ya kwanza nililitamka neno hilo juu yangu kwa mdomo wangu. Alirudi nyuma nusu hatua, mtu mzima na viatu vyake, kisha akaona aibu, akaenda kumwambia daktari. Akarudi na jibu. "Bwana daktari anasema mwenye kuanguka hajioni anavyoanguka. Hawezi kuwa shahidi wa nafsi yake. Na mama yako alikana mbele ya watu. Lete mtu aliyekuona kabla."

Kifafa ni changu, ulimi ni wangu, kovu ni langu, na siaminiki juu yake. Nikatuma habari kwa mama.

Alikuja baada ya siku tano, na kibuyu cha mawese kichwani. Akakaa pale kwenye mwanya wa uzio.

"Amahoro, mwana wangu. Umekonda."

"Mama, waambie."

"Niwaambie nini?"

"Unajua. Waambie ulichokiona wewe, tangu nikiwa mdogo. Hii sindano inapofusha watu. Mtazame huyu hapa nyuma yangu."

Alimtazama jirani yangu, kisha akatazama kibuyu chake. "Mudogo wako wanakuja kumuposa mwezi huu," alisema. "Muntu mwema, iko na mitumbwi. Nikisema ile kitu leo, kesho hawaji."

"Na macho yangu?"

"Malale iko inashika kila muntu, hata watoto wa mwami. Hakuna haya. Ile ingine inashika ukoo muzima." Akasogea karibu, akanong'ona, na uso wake ulikuwa na matumaini kweli. "Halafu dawa ya Mudachi ni kali. Labda itatoa na ile ingine pamoja."

Aliamini hivyo. Alikuwa ameshajipangia kwamba nitatoka kambini mzima wa vyote viwili, na yeye hatakuwa amesema uongo tena. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na siyaandiki. Alilia, akapitisha kibuyu kwenye mwanya, akaondoka. Nilikichukua kibuyu nikakipasua kwenye mti wa uzio, kisha nikakaa nikajuta mawese.

Asubuhi moja, siku mbili kabla ya sindano, nilikuwa nimesimama foleni ya maji. Askari wa mbele nilimwona. Wa pembeni sikumwona kabisa mpaka alipokohoa. Niligeuza kichwa, alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Nikanyoosha mkono wangu kando nikauangalia unavyotoweka na kurudi, unatoweka na kurudi, na watu wa foleni wakadhani nacheza ngoma.

Alasiri bwana wangu alikuja na ugali na mukeke, samaki wa ziwani kwetu. Alikula kwanza, akasukuma bakuli. Nikalirudisha.

"Usile tena," nikamwambia. "Nina kifafa. Nilikuwa nacho kabla hujanioa. Umekula mate yangu mwaka mzima na mimi nimenyamaza."

Alichota tonge, akalichovya, akatafuna bila haraka.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Najua tangu mwezi wa kwanza. Nilirudi nyumbani nikakukuta unachambua maharage. Ungo haukuwa na maharage."

Yeye ndiye aliyeendelea, na sijawahi kumsikia akiongea mfululizo namna ile. "Niliogopa, sikufichi. Nilingoja nianguke. Wiki, mwezi. Nikianguka nitamwacha, nilisema. Sikuanguka. Mwisho nikachoka kungoja, nikala."

"Na siku ile sokoni? Kwa nini hukusema?"

"Mama yako alikuwa ameshasema." Alishangaa kwamba nauliza. "Nimwambie mkwe wangu mwongo mbele ya soko zima?"

Anayetoka kwetu ataelewa. Mwanamume hakumtazama mama mkwe usoni. Akipita njiani, yeye aliingia majanini mpaka apite. Kumkanusha hadharani lilikuwa jambo la kuvunja ndoa. "Halafu," alisema, "nilidhani mmepatana, wewe na mama. Nilidhani mmeona malale ni afadhali."

Nilitaka kumpiga na bakuli lile. Watu watatu tulikuwa tumeficha kitu kimoja, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake, na macho yangu yalikuwa yanaondoka. Nilimwambia: "Kesho kutwa wananichoma tena." Akainuka na ugali mkononi akaenda kumtafuta mkalimani.

Aliitwa asubuhi ya sindano yenyewe, mbele ya meza, foleni nzima ikisikiliza. Mimi nilisimama pembeni. Daktari aliuliza, mkalimani akafasiri, na bwana wangu akajibu kwa sauti ileile anayomwelezea mteja ufa wa mashua.

"Kwanza ananusa," alisema. "Anakunja pua kama kuna kitu jikoni. Halafu macho yanabaki pale pale. Mdomo unatafuna. Mkono wa kulia unachuma nguo, wa kushoto unakakamaa, vidole vimekunjwa hivi. Nikimwita hajibu."

"Kwa muda gani?"

"Nasoma Alhamdu taratibu. Mara tatu, siku mbaya mara tano. Kisha anarudi, ananiuliza kama nimekula. Namjibu. Ananiuliza tena."

"Na kuanguka?"

"Mara mbili nyumbani kwangu. Shingo inageuka kushoto kwanza, ndiyo analia, ndiyo anaanguka. Nilimwekea nguo chini ya kichwa. Hakujua. Nilimwambia ameteleza."

Daktari alikuwa ameacha kuandika, anamtazama tu. Mimi nilikuwa nasikia habari zangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, shingo yangu, vidole vyangu, muda wangu uliopotea umepimwa kwa sura ya Kurani na mtu aliyekaa karibu nami akihesabu. Nililia bila aibu. Daktari akaja akanifungua mdomo, akatazama ndani, akaliona jino. Mkalimani akauliza kwa niaba yake kwa nini sikusema kwamba nina jino bovu. Nikasema hakuna aliyeniuliza. Yule Mdachi alirudi mezani, akapiga mstari juu ya neno moja katika daftari lake, akaandika jingine juu yake. Akanipa chupa ya chumvi chungu, dawa ya kifafa, ya kunywa na maji. Hakuomba radhi, na wakati ule sikujua kwamba angeweza kuomba.

Kabla ya adhuhuri Rumonge nzima ilikuwa imejua. Posa ya mdogo wangu ilirudishwa wiki ile ile, na mama hakupita mlangoni kwetu kwa miaka mingi. Macho yangu hayakupona. Naona katikati, kando kumefungwa tangu siku zile, na hata sasa ninapoandika lazima nigeuze kichwa nione mwisho wa mstari.

Lakini nilitaka kueleza jambo lingine, la asubuhi hiyo hiyo. Kibati kilikuwa bado shingoni mwangu, nimeenda kibandani kukunja mkeka. Jirani yangu alikuwa amesikia yote.

"Mudogo wangu, bwana wako amesema kweli, ao amekutungia?"

"Kweli, dada."

Kisha akasema, "Na mimi iko vile vile. Tangu nikiwa mutoto wa miaka saba."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Nilimtazama macho yake yaliyofunguka bure. Alikuwa amepigwa sindano zile zote kwa ajili ya kitu kile kile nilichokuwa nacho, mkeka kwa mkeka na mimi, na kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake huruma ya malale.

"Nenda ukaniseme," alisema. "Kabonga hakuna atakayekuja kwa ajili yangu. Sema uliniona kule zamani, sokoni, popote. Neno moja. Wewe watakuamini sasa."

Nikaenda. Daktari alikuwa anaosha mikono. Nikaeleza kwamba yule mama wa Kabonga naye ni mtu wa kifafa, si wa malale. Mkalimani akafasiri, akarudi na swali ambalo nilikuwa nalijua kabla hajafungua mdomo.

"Ulimwona akianguka kabla ya kambi?"

Kabonga sijawahi kufika. Nilitazama daftari, lile neno langu jipya, wino wake bado unang'aa. Nilifikiri: wakinibana kwa maswali, wakagundua nimetunga, watasema na bwana wangu ametunga. Nilifikiri juu ya lango. Sikufikiri kwa muda mrefu.

"Hapana," nikasema.

Daktari akatikisa kichwa taratibu, akafuta mikono. Msaidizi akanivua kibati. Mama alisema uongo nikaingia mle, na mimi niliposema kweli, mwenzangu akabaki.

Mkeka wangu ulikuwa bado kibandani. Yeye alikuwa amekaa palepale nilipomwacha, ameinua uso kidogo, anasikiliza njia, maana hatua zangu alizijua. Sikwenda kuuchukua. Nilipita upande wa mchanga, nyuma ya vibanda, kwa ncha za vidole, mpaka langoni. Bwana wangu, aliyekuwa ananingoja nje, aliuliza mbona natembea namna ile. Nikamwambia miguu imekufa ganzi.